Stendi ya Tanga haipo tena mjini, mtatupotezea wageni

Ndugu mhariri,

Ile makala yenu ya wiki mbili zilizopita, ile ya wapi pa kwenda likizo mliyoweka picha ya bahari ya Raskazone karibu ukurasa mzima, nimekaa nayo rohoni mpaka nimeshindwa. Nalisoma gazeti lenu tangu enzi marehemu mume wangu analileta nyumbani kalikunja kwapani, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo naandika.

Mmesema mgeni akija Tanga kwa basi anashuka katikati ya mji, akitoka hapo anatembea kwa miguu mpaka gesti, sokoni, hospitali, popote. Jamani! Hiyo ni stendi ya zamani, ile ya Ngamiani pale Taifa Road, wenyewe tunaita Dabo Rodi. Mabasi ya mikoani yalishahama pale kitambo, sasa hivi yanaishia Kange, nje ya mji, upande unaotokea Muheza. Kutoka Kange kuja mjini ni daladala, au bajaji, au bodaboda, hakuna mtu anayetembea na begi lake mpaka mjini. Mngemuuliza mtoto yeyote wa huku angewaambia.

Sasa sikilizeni kilichotupata. Mdogo wetu alilazwa, madaktari wakasema atafanyiwa upasuaji Jumanne asubuhi. Dada yetu mkubwa anaishi Dodoma, hajafika Tanga tangu stendi iko Dabo Rodi, akaniambia kwenye simu mdogo wangu usihangaike kunifuata, mjukuu kanisomea gazetini kila kitu kiko vilevile, nikishuka natembea mwenyewe nawakuta hospitali. Mimi na mawazo ya mgonjwa nikaitikia tu, sikufikiria kumwambia kuhusu Kange, hilo najilaumu mpaka leo. Basi limefika Kange jua linazama, konda anasema mama mwisho wa gari, yeye anasema hapana mwanangu mimi nashuka mjini, gazeti limesema mjini, abiria wote wameshashuka yeye bado kakaa na kikapu chake mapajani anasubiri gari liendelee. Simu imeisha chaji. Akateremshwa, akakaa kwenye benchi, mzee wa miaka 71, anawaona vijana wanavutana mabegi ya watu, huyu anamwita mama twende huku, yule anamshika mkono, akaogopa hata kuuliza. Mimi niko hospitali naangalia mlango. Muda wa kuona wagonjwa ukaisha tukatolewa. Mdogo wetu alikuwa kauliza mara tatu, Dada kafika? Dada kafika? Nikamwambia yuko njiani. Mwisho alimpata mwenye bajaji akamtoza elfu 20, alimwambia mjini ni mbali sana na usiku umeingia, akafika kwangu saa tatu usiku kavimba miguu, hata chai hakunywa, akakaa ukumbini analia. Asubuhi tumefika wodini mgonjwa kashapelekwa. Namshukuru Mungu alitoka salama, lakini saa zile alizokuwa ndani na dada yake hajamuona, hajamshika hata mkono, mimi sitazisahau, na zimetoka kwenye mstari mmoja wa makala yenu mhariri. Mstari mmoja tu.

Na sio stendi peke yake. Mmeandika asubuhi mgeni aende mapango ya Amboni halafu "asogee kidogo" Tongoni kwenye magofu. Anasogea vipi? Amboni iko kaskazini, kama kilomita 8 hivi, njia ya Horohoro. Tongoni iko kusini, njia ya Pangani, na ni mbali zaidi ya hapo, halafu unaingia ndani kutoka barabara kubwa. Lazima urudi mjini kwanza ndio utoke tena upande wa pili. Ni siku mbili hizo, au siku moja ya gari la kukodi na mtu anayejua njia. Na pale Tongoni mmepaita "kivutio" bila hata kusema ni msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40 ya wazee wetu, mtu avae nguo ya heshima na asipande juu ya kaburi kupiga picha. Hilo ndilo la kumwambia mgeni.

Kuhusu kuogelea ndio nimechoka kabisa. Mnasema Raskazone muda wowote. Bahari haina muda wowote, bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mgeni akija maji yamekupwa atakuta matope na mawe, na asiyejua kuogelea akijiachia maji yanajaa ni hatari. Mvuvi yeyote angewapa hizo saa bure.

Halafu hizo saa zenyewe! Mmeandika basi linaondoka "saa 10:00". Saa kumi ipi? Alfajiri? Jioni? Au ni saa nne asubuhi yetu mmeiandika kizungu? Gazeti la Kiswahili linaandika saa ambayo Mswahili haielewi, mtu anaachwa na gari na nauli haimrudii. Andikeni saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi, neno moja tu linaongezeka.

Lakini nafasi ya kuandika mahaba ya Tanga, udi wa Tanga, majini ya Tanga, hiyo mlikuwa nayo, aya tatu nzima. Nimeolewa hapa, nimezalia hapa, nimezika hapa, na kila mwandishi anayekuja kutoka huko kwenu anarudi na hayohayo. Mgeni wa Tanga mnayemfikiria nyie kavaa kaptula na kamera shingoni. Wageni wetu wengi ni watu wanaokuja kuuguza hospitali ya Bombo, wanaokuja msibani, wanaoleta watoto shule, wanaosubiri boti ya Pemba, na hiyo boti haiendi kila siku, hamkusema. Hao ndio wanaosoma gazeti lenu kwa sababu hawana mtu wa kuwapokea. Wanawaamini nyie.

Ninachoomba mhariri ni hiki. Mtumeni mwandishi wenu aje Tanga kwa basi, sio gari la ofisi, ashuke Kange magharibi ikiingia, na begi, na simu imezimwa. Aende kwanza kwa akina mama wanaouza chai pale, awaulize nauli halali ya bajaji mpaka Bombo, mpaka Ngamiani barabara ya kwanza, mpaka Raskazone. Aandike hizo nauli tatu, na daladala za kwenda mjini zinapangwa upande gani, na usiku zinakoma saa ngapi. Mzichapishe ukurasa uleule, kwa herufi kubwa kama za ile picha. Na ubao wenye nauli hizohizo uwekwe pale abiria wanaposhukia, usomeke na mtu mzima bila miwani, kuuchora nitachanga elfu 20, kiasi kilekile alichotozwa dada.

Dada anarudi Dodoma Jumapili ijayo. Gari ni saa kumi na mbili asubuhi, nimemwandikia kwenye karatasi nikaiweka kwenye pochi yake, na Kange nitamsindikiza mwenyewe mpaka akae kwenye siti.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga