Mazoezi ya Jumamosi yamehamia Gede

Wapendwa, habari za jioni. Kipande chetu cha muziki kuhusu mizimu ya wazee wa Gede, ule mji wa kale uliobaki magofu karibu na Malindi, kimefika sehemu ya pili: lile kaburi lenye tarehe, 802 Hijria (1399). Nataka tarehe iwe mapigo: manane, kimya, mawili. Hicho kimya ndicho mzuka wenyewe, tafadhali asikijaze mtu.

Kwa hiyo:
1. Tukutane lango la magofu saa 3:00 asubuhi, si ukumbini. Tutembee bila maneno hadi Msikiti Mkubwa, tusikilize majani na kima. Wazee husemwa wanalinda pale, basi tuingie kwa adabu.
2. Ala zibaki garini. Tutapiga tukirudi Malindi.
3. Mchango Sh500, nauli na chai, kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku. Kiingilio kila mtu ajilipie.

Fidla na selo, njooni na penseli. Dada wa kanuni (ile ala ya nyuzi), ule mtetemo wa nyuzi za chini uliopiga juzi ulinisimamisha nywele; naomba tuanze nao.

Atakayekuja aandike "Nipo" kabla ya kesho saa 2:00 usiku, nijue ukubwa wa gari. Asanteni sana.