Fundi saa na mashine ya pantografu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie jambo ambalo sisi mafundi saa wa Mtwara na Lindi tumekuwa tukilizungumza kila tunapokutana, nalo ni kama inamfaa fundi mwenye karakana ndogo kuongeza mashine ya pantografu, yaani ile mashine ya kuchonga maandishi na nakshi kwenye metali kwa kufuatisha kiolezo. Wapo wenzetu wanaosema kwamba hiyo ni kazi ya masonara na sisi tubaki na saa zetu. Wapo vijana wanaosema kwamba kama fedha ipo, basi inunuliwe mashine ya leza inayoendeshwa kwa kompyuta. Maoni yangu ni kwamba mashine inatufaa, na kwamba inayotufaa hasa ni ile ya mkono, ambayo wengi wanaiona imepitwa na wakati.

Kila anayepita katikati ya mji wetu anatuona: kisanduku cha kioo juu ya meza, lensi jichoni, betri kwenye kibati na mikanda imening'inizwa pembeni. Tangu kampuni ya Seiko ya Japani ilipotoa saa ya mkononi ya kwatzi, yaani ya betri, mwezi Desemba 1969, na baadaye saa za aina hiyo zikashuka bei hadi kila mtu akazimudu, sehemu kubwa ya kazi yetu imekuwa kubadilisha betri, kufupisha mikanda na kuweka vioo. Saa ya kutia ufunguo, inayotaka kufunguliwa yote, kusafishwa na kutiwa mafuta, huja mara mojamoja, na aghalabu ni ya marehemu baba wa mtu. Ujuzi wa mikono bado tunao, lakini kazi ya kuutumia imepungua.

Wakati huohuo kuna kazi ambayo mikoa hii inaihitaji na ambayo inakwenda kwingine. Mwalimu anapostaafu, wenzake humchangia saa na kutaka jina lake na mwaka viandikwe nyuma yake. Shule zikipata kombe, kombe linataka maandishi. Ofisi zinahitaji vibao vya majina milangoni, vyama vya msingi vya ushirika vinahitaji vibao vya namba kwenye mizani na samani zao, na wenye boti hupenda jina lao lichongwe mahali ambapo maji ya chumvi hayatalifuta. Kazi hizi ama hupakiwa kwenye basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, ama huandikwa kwa rangi na stika ambazo hazimalizi masika. Msimu wa korosho ukifika na minada ikianza kulipa, maombi ya namna hii huongezeka, nasi tunawaelekeza wateja kwa watu wa mbali.

Pantografu yenyewe si kitu kipya. Padri Mjesuiti wa Ujerumani, Christoph Scheiner, aliibuni mwaka 1603 kwa ajili ya kunakili michoro, na maelezo yake yakachapishwa Roma mwaka 1631. Ni mikono minne iliyoungwa kwa pini ikafanya umbo la msambamba. Sehemu moja imefungwa isihame. Sehemu nyingine ina sindano ambayo fundi huipitisha ndani ya herufi kubwa zilizochongwa kwenye kiolezo. Na sehemu ya tatu ina ncha inayochonga, ambayo hufanya mwendo uleule kwa udogo uliopangwa. Mashine ikiwekwa kwenye uwiano wa tano kwa moja, herufi ya milimita 10 kwenye kiolezo hutoka ikiwa ya milimita 2 kwenye saa. Faida kubwa ni kwamba dosari nayo hupungua kwa kiasi hichohicho: kiolezo kikiwa na kasoro ya nusu milimita, juu ya saa kasoro hiyo inakuwa moja ya kumi ya milimita, ambayo jicho la kawaida halihangaiki nayo.

Naomba nieleze kazi moja inavyokwenda, kwa sababu wanaoipinga mashine hii wengi hawajaiona ikifanya kazi. Mfuniko wa nyuma wa saa hutolewa kwanza kwenye saa, kwa maana hakuna fundi mwenye akili atakayechonga metali juu ya mashine ya saa iliyo hai. Husafishwa mafuta, kisha hubanwa kwenye jiliwa ndogo yenye taya laini na hupimwa katikati yake. Herufi za kiolezo hupangwa kwenye mfereji wake, na hapo ndipo fundi anapoonekana kama ana jicho au hana. Neno KWA likipangwa kwa nafasi sawa baina ya herufi, litaonekana limeachana katikati, kwa kuwa W na A zina mabega yanayokimbiana; inabidi A isogezwe ndani kidogo. Kisha kuna ncha za aina mbili. Ipo inayozunguka kwa mota, ambayo hukata mfuo wenye kina na inafaa shaba, aluminiamu na plastiki ya tabaka mbili inayotumika kwa vibao vya milango. Na ipo ya almasi isiyozunguka, ambayo hushuka kwa uzito mdogo au kwa springi na kukwaruza mfuo mwembamba unaong'aa. Kwa mifuniko ya saa hii ya almasi ndiyo yenyewe: inaichonga stenlesi bila kuvunjika, inafuata mbinuko mdogo wa mfuniko, haiondoi metali nyingi kiasi cha kudhoofisha mfuniko mwembamba, na haihitaji umeme hata kidogo. Umeme ukikatika katikati ya herufi, kazi inaendelea kama kuna mwanga wa dirisha.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kutoipa leza nafasi ya mbele. Ya pili ni bahari. Stenlesi haishiki kutu upesi kwa sababu uso wake una utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu. Leza huandika kwa joto, na joto hilo lisipopangwa vizuri huuharibu utando huo, hivyo alama nyeusi iliyopendeza siku ya kwanza huweza kuanza kutoa kutu inapokutana na jasho na hewa ya chumvi, vitu ambavyo hapa kwetu havina msimu. Ncha ya almasi haiunguzi, na utando hujirudisha wenyewe mahali palipokwaruzwa. Sikatai kwamba mtu mwenye oda ya vibao mia kadhaa vinavyofanana atafanya vizuri zaidi kwa leza. Lakini fundi saa hapati oda hizo. Anapata saa moja leo, kombe keshokutwa, na pete ya ndoa wiki ijayo.

Kwa sababu ya hewa hiihii ya chumvi, saa zilizopakwa dhahabu juu ya shaba zisichongwe bila mteja kuelezwa. Rangi ya dhahabu ni utando tu, na ukikatwa, shaba iliyo chini hubadilika rangi kuwa ya kijani ndani ya mifuo. Mteja akisisitiza, mfuo upakwe vanishi, naye ajue kwamba vanishi hiyo itataka kurudiwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Watu wanaitazama pantografu kama mashine ya herufi za Kizungu zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, ilhali mashine yenyewe haijui herufi. Inafuata mfuo wowote ulio mbele yake. Ukiipa ua, itachonga ua. Mikoa yetu miwili imejaa watu wanaojua kuchonga mifuo hiyo kwa ukubwa. Wachongaji wa Kimakonde wanachonga mpingo, na mpingo ni mti mzito, wenye nyuzi zilizoshikana, ambao Ulaya huutumia kutengenezea zumari zao kwa sababu unakubali kukerezwa kwa usahihi kama metali. Huko Kilwa vijiji vyenyewe vinasimamia misitu yenye mpingo. Kipande cha mpingo cha ukubwa wa kiganja kinatosha kuwa kiolezo. Mchongaji akichonga juu yake nakshi ya milimita 80, mashine itaishusha kwenye mfuniko wa saa ikiwa milimita 8 kwa uwiano wa kumi kwa moja, na kiolezo hicho kitatumika kwa miaka, maana sindano hupita kwa wepesi. Vivyo hivyo kwa maandishi ya Kiarabu: mwandishi mwenye khati nzuri aandike jina kwa kalamu pana, mchongaji alifuate kwenye mpingo, na fundi saa alipunguze. Atazamaye milango ya zamani ya Mikindani, mji mkongwe ulio jirani na Mtwara, ataona kwamba nakshi si jambo la kwenda kulitafuta mbali. Kazi ya namna hiyo haiwezi kupatikana Dar es Salaam kwa urahisi, na sijui kwa nini tuendelee kushindana nao kwa vibao vya plastiki peke yake.

Kwa anayefikiria kununua, mashine zinazopatikana zikiwa zimetumika ni kama zile za Taylor-Hobson za Leicester, Uingereza, za Deckel za Munich, Ujerumani, na za Gravograph za Ufaransa. Nyingine ni kubwa, za kusimama chini, na hazina kazi katika chumba cha fundi saa. Itafutwe ya mezani ambayo watu wawili wanaibeba. Rangi iliyobanduka isimtishe mtu. Kinachotakiwa kuangaliwa ni viungo. Sindano ikazwe ndani ya kitundu cha kiolezo isiweze kusogea, kisha ncha isukumwe kwa kidole huku na huku. Ikicheza, pini na bushi (vikombe vya metali ambamo pini huzunguka) zimekwisha, na herufi zitatoka zimepindapinda. Ugonjwa huo unatibika, kwa kuwa bushi mpya zinaweza kukerezwa katika karakana yoyote yenye mashine nzuri ya kukereza, lakini bei ishushwe kwa sababu hiyo. Jambo la pili ni herufi za kiolezo. Mashine isiyo na herufi ni nusu ya mashine, na Kiswahili kinakula herufi A kuliko seti moja inavyoweza kutoa, kwa hiyo A za ziada ziulizwe mapema. Iulizwe pia alama ya ritifaa ('), maana mtu mwenye ng' katika jina lake hatafurahi kuliona limeandikwa bila hiyo, na ana haki.

Chumba nacho kina masharti. Chembe za shaba zikiingia kwenye mafuta ya mashine ya saa, saa husimama, na chembe za chuma ni mbaya zaidi kwa kuwa hunaswa na sumaku ya mota iliyomo ndani ya saa za kwatzi. Kwa hiyo meza ya kuchongea iwe upande wake, ikiwezekana nyuma ya ubao au pazia, na fundi anawe mikono kabla ya kurudi kwenye saa. Mikono ya pantografu ipakwe mafuta mepesi kila jioni, la sivyo kutu itaifikia kabla mkopo haujalipwa.

Kuna kazi ambazo itatupasa tuzikatae tangu siku ya kwanza. Mtu akija na saa ya bandia akitaka jina la kampuni maarufu lichongwe nyuma yake, au akija na mashine ya boti au pikipiki yenye namba iliyokwanguliwa akitaka namba mpya, aelekezwe mlango. Kinyume chake, jina la mwenyewe likichongwa kwenye saa au simu yake humrahisishia kuithibitisha kuwa ni mali yake inapopatikana kituo cha polisi, na hilo tungeweza kulifanya kwa bei ndogo.

Linabaki suala la fedha. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sisi wazee wa ufundi hatumo katika mafungu hayo, na silalamiki. Lakini karibu kila mmoja wetu ana kijana anayejifunza mezani kwake, na vijana wa meza tatu au nne, pamoja na wachongaji wa mpingo wa rika lao, wanaweza kuunda kikundi, wakaomba mashine moja na kuiweka mahali ambapo mafundi wote wa mji watapeleka kazi zao kwa malipo. Ombi langu kwa kamati za mikopo ni kwamba zisiikatae mashine kwa sababu tu imetumika au haina ankara ya duka la hapa nchini. Zimtume fundi wa kukereza aikague viungo na aandike maoni yake. Na ombi langu kwa ofisi za SIDO, shirika la Serikali la kuhudumia viwanda vidogo, za Mtwara na Lindi ni kwamba zikipata nafasi katika majengo yao, zifikirie kumpa kona yenye dirisha kikundi cha kwanza kitakachojitokeza, kwa kuwa mashine hii haihitaji eneo kubwa kuliko meza ya cherehani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi Saa,
Mtwara Mjini.