Nafasi ya kwanza kwenye Google haiuzwi

Kwa Mhariri,

Wenye maduka madogo hapa Kisumu, kuanzia Barabara ya Oginga Odinga hadi Kondele na Mamboleo, siku hizi wanaandamwa na wauzaji wa "nafasi ya kwanza kwenye Google". Onyesho lao halibadiliki. Kijana husimama mlangoni, hutoa simu, huandika jina la duka lenyewe, na duka hutokea juu kabisa. Mwenye duka hufurahi na kutuma pesa papo hapo. Kumbe hakuna kilichothibitishwa. Anayeandika jina la duka tayari analijua, na Google ikiona simu iko hatua mbili kutoka dukani, itaonyesha nini kingine? Kipimo cha haki ni kuandika kitu kinachotafutwa: "fundi wa friji", "godoro la inchi nane", "dawa ya kupe". Tena uandike ukiwa Nyalenda au Maseno, si kwenye kaunta yako mwenyewe.

Google imeandika bayana kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Ukiacha matangazo, ambayo huwekewa alama ya udhamini, nafasi kwenye matokeo ya ramani hailipiwi. Hutazamwa mambo matatu: unachouza kinalingana kiasi gani na kilichotafutwa, uko umbali gani na mtafutaji, na biashara inajulikana kiasi gani. Umbali haubadiliki ila kwa kuhama. Hayo mengine mawili yanafanyiwa kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni bure. Anayekupigia simu akidai anatoka Google na kwamba usipolipa duka lako litafutwa kwenye ramani, mkatie simu.

Kazi huanzia kwenye Wasifu wa Biashara, ule ukurasa mdogo wenye ramani, namba ya simu na saa za kufungua. Jina liwe lile lile lililo kwenye bango la duka, basi. Wengi hushauriwa kubandika "bora Kisumu bei nafuu" nyuma ya jina. Ni kinyume cha kanuni, na mshindani akiripoti, wasifu unaweza kusimamishwa, usionekane tena na wateja. Mahali pa kueleza unachofanya ni kwenye aina ya biashara na kwenye maelezo, ambayo yana nafasi ya herufi 750. Aina kuu ni moja tu, na ndiyo yenye uzito. Fundi wa friji anayejiandikisha kama "duka la vifaa vya umeme" ataonyeshwa kwa wanaotafuta balbu na nyaya, huku mwenye friji iliyozima akipelekwa kwa mwingine. Unaruhusiwa kuongeza aina nyingine hadi tisa. Usiongeze kazi usiyoifanya.

Anwani ndiyo huwakwamisha wengi huku kwetu, maana tumezoea sanduku la posta, na sanduku la posta halikubaliwi. Andika jina la jengo, orofa na barabara, kisha usogeze pini kwa kidole hadi ikae mlangoni. Pini ikikaa upande wa pili wa barabara kuu, tuktuk itamshusha mteja huko huko na simu zitaanza: "Niko hapa, sikuoni." Anayewafuata wateja majumbani, kama fundi wa friji au wa bomba, afiche anwani na badala yake ataje maeneo anayohudumia. Yanaruhusiwa hadi 20, na yasipite mwendo wa takriban saa mbili kwa gari. Kutoka Kisumu, basi, Ahero, Maseno, Luanda na Kakamega yanaingia bila shida. Nakuru haiingii, huko fungua wasifu mwingine ikiwa tu una kituo na mtu anayekaa hapo.

Uthibitisho mara nyingi ni wa video. Irekodiwe kwa mfululizo, angalau sekunde 30, bila kukatwa wala kuunganishwa. Anza nje ili barabara na majirani waonekane, pitia kwenye bango, ingia ndani uonyeshe vifaa vya kazi, kisha fanya jambo ambalo mpita njia hawezi kulifanya: fungua kufuli la duka au droo ya pesa. Video nyingi hukataliwa kwa sababu zinaonyesha rafu za bidhaa tu, na rafu hazisemi duka liko wapi wala ni la nani.

Maoni ya wateja yaombwe kwa kila mteja, kwa kumtumia kiungo kwenye WhatsApp kazi inapokwisha. Usimpe punguzo ili aandike, na usinunue maoni. Yote mawili yamekatazwa. Nyota tano nyingi zinazoingia usiku mmoja kutoka kwa watu wasiojulikana hazimdanganyi hata mteja, seuze mitambo ya Google. Jibu malalamiko kwa adabu na kwa ufupi. Mteja mpya husoma jibu lako kwa makini kuliko lalamiko lenyewe.

Tovuti nazo zina maradhi yake, na baya kuliko yote ni dogo kwa umbo. Kwenye WordPress, programu inayotumika kujengea tovuti nyingi, chini ya mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kimoja cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Watengenezaji hukitia tiki wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isionekane, kisha hukabidhi tovuti na kusahau kukiondoa. Tovuti inaweza kukaa mwaka mzima ikipendeza machoni pa aliyepewa anwani yake, na Google isiwe na habari nayo. Kujua ni rahisi. Kwenye sehemu ya kutafutia andika site, weka nukta pacha (:), kisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Usipotokea hata ukurasa mmoja, anzia kwenye kisanduku hicho kabla ya kumlipa mtu yeyote "kuipandisha" tovuti.

Baada ya hapo tazama kichwa cha ukurasa, yale maandishi yanayokuwa kiungo kwenye matokeo. Tovuti nyingi za hapa zimeandikwa "Home" au "Karibu". Hakuna anayetafuta "karibu". Andika huduma na mahali, kwa maneno ya mteja: "Fundi wa friji na mashine za kufua, Kisumu". Kila huduma ipate ukurasa wake wenye bei ya kuanzia, aina za mashine unazotengeneza na muda wa kazi. Lakini ukiuziwa kurasa 40 zilizo sawa, moja ikisema Kondele, nyingine Migosi, nyingine Manyatta, zikatae. Kurasa za namna hiyo zimekatazwa na Google, na hazimfai msomaji. Kadhalika wapo wanaotoza pesa za "kuweka maneno muhimu" ndani ya msimbo wa tovuti, pale ambapo msomaji haoni. Google ilitangaza mwaka wa 2009 kwamba haitumii sehemu hiyo kupanga matokeo yake. Miaka yote hiyo, na bado inauzwa!

Picha zipunguzwe kabla ya kupakiwa. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huweza kufika MB 4. Kumi za aina hiyo kwenye ukurasa mmoja ni MB 40 za bando la mteja, naye hatasubiri. Upana wa pikseli 1,200 unatosha, na uzito usizidi KB 200. Bei zilizoandikwa ndani ya picha ya bango ziandikwe pia kama maandishi ya kawaida, yaweze kutafutwa na kunakiliwa. Kiungo cha WhatsApp kiandikwe wa.me, mkwaju (/), 254, kisha namba bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Sifuri ikibaki, kiungo hakifunguki, na mteja hatakupigia kukuarifu.

Haya yote hayazai matunda kwa wiki moja. Google yenyewe hukadiria miezi minne hadi mwaka. Ndiyo maana wengi hukimbilia matangazo ya kulipia, na hapo ndipo pesa humwagika.

Chukua yule yule fundi wa friji wa Kondele, mwenye bajeti ya Sh300 kwa siku. Kwanza aelewe kwamba hiyo ni wastani: siku moja Google inaweza kutumia hadi Sh600, ila kwa mwezi haitapita mara 30.4 ya bajeti ya siku, yaani Sh9,120. Tuseme kila mbofyo unamgharimu Sh20. Anapata mibofyo 15 kwa siku. Sasa afungue ripoti ya maneno ambayo watu waliandika hasa kabla ya kubofya. Akiwa ameacha mlingano mpana wa maneno, yaani Google iko huru kuonyesha tangazo hata kwa utafutaji unaohusiana tu na maneno aliyochagua, atakuta "friji bei gani", "friji za mitumba", "kozi ya ufundi wa friji", "kazi ya fundi friji" na "jinsi ya kutengeneza friji mwenyewe". Hakuna mteja hapo. Mmoja anataka kununua, mwingine anataka shule, mwingine anatafuta ajira, na wa mwisho hataki kumwona fundi kabisa. Dawa ni maneno ya kuzuia: bei, mitumba, kozi, chuo, kazi, ajira, jinsi ya. Yaongezwe kila wiki kutoka kwenye ripoti hiyo hiyo. Maneno yanayobaki yafungiwe ndani ya alama za kunukuu, ili tangazo litokee pale tu maana inapokaribiana.

Kisha kuna mipangilio ambayo Google huiacha wazi yenyewe. Chaguo la maeneo huwajumuisha walio Kisumu pamoja na walioonyesha hamu na Kisumu, hata wakiwa Nairobi au Dallas. Badilisha, ubaki na waliopo tu. Ondoa tiki kwenye mtandao wa tovuti nyingine, la sivyo tangazo lako litazunguka kwenye kurasa ambazo mtu amekwenda kusoma mambo yake mengine. Weka saa: kama hakuna anayepokea simu baada ya saa kumi na mbili jioni, tangazo lilale. Wala usijitafute kila saa ili kuona kama tangazo lipo. Kuna chombo cha kulikagua ndani ya akaunti. Ukilibofya mwenyewe unaweza kutozwa, na ukilitazama bila kubofya unaliharibia takwimu.

Facebook ina mtego wake wa kijiografia. Chora duara la kilomita 40 kuuzunguka mji wa Kisumu, na sehemu nzuri yake itaangukia kwenye maji ya Ghuba ya Winam. Maji hayana wateja, kwa hiyo hayakugharimu kitu. Kinachogharimu ni ng'ambo: duara litawanasa watu wa Kendu Bay, ambao kwa ndege wa angani wako karibu, lakini kwa barabara lazima wazunguke Ahero na Katito. Ukiuza magodoro unayomfikishia mteja bure, safari moja ya huko inakula faida yote. Achana na duara kubwa, chagua miji kwa jina. Na unapolipia tangazo, chagua lengo la ujumbe wa WhatsApp. Chapisho lililosukumwa kwa lengo la mwitikio huletewa watu wenye mazoea ya kubonyeza moyo, na mioyo 900 hainunui godoro. Wenye saluni pia wakumbuke kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mteja haiingii kwenye tangazo bila ridhaa yake.

Jambo linalonifanya niandike barua hii hasa ni umiliki. Anayetengeneza husajili tovuti kwa jina lake, hufungua wasifu kwa barua pepe yake, na huendesha matangazo kwenye akaunti yake. Mkikosana, mwenye duka hubaki kama mpangaji aliyefungiwa nje na vyombo vyake ndani. Kisingizio cha siku zote, kwamba matangazo yanahitaji kadi ya benki, kiliisha mwaka wa 2022 Safaricom na Visa walipozindua M-Pesa GlobalPay, kadi ya mtandaoni inayolipia kutoka kwenye M-Pesa. Fungua akaunti zako. Mshauri muongeze kwenye wasifu kama msimamizi, si mmiliki. Kwenye matangazo, mpe namba ya akaunti yenye tarakimu 10 atume ombi la kuunganishwa, bila kupewa nenosiri. Jina la tovuti linaloishia .co.ke likaguliwe kwenye sajili ya KeNIC, wasimamizi wa majina ya tovuti ya .ke, uone limeandikishwa kwa nani.

Idara za biashara za kaunti, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Nakuru, huwaita wafanyabiashara kwenye mafunzo ya kidijitali. Naziomba zitayarishe mkataba wa ukurasa mmoja ambao mwenye duka ataondoka nao mkononi. Uwe na masharti matatu: akaunti zote kwa jina la mwenye duka, ripoti ya kila mwezi itoke kwenye Search Console (chombo cha Google kinachoonyesha tovuti inavyotokea kwenye utafutaji) na kwenye akaunti ya matangazo, wala si picha za skrini za simu ya mshauri, na theluthi ya mwisho ya malipo isitoke kabla mwenye duka hajaingia mwenyewe kwenye akaunti hizo, kwa simu yake, mbele ya anayemkabidhi.

Mshauri wa matangazo ya mtandaoni,
Kisumu