Salma, chumba cha Tudor usikiache

Mombasa, Jumatano usiku

Shoga yangu Salma,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mama akusalimu sana, na Bi Zuhura bado aulizia kanga zake. Mengine tutazungumza ukija, maana nina haraka: chumba nimekipata, na mwenye nyumba amenipa mpaka Jumamosi tu.

Kwanza, yule dalali aliyekutumia picha za chumba cha studio kule Nyali, tafadhali usimtumie hata shilingi. Ataka pesa ya kuonyesha nyumba, kisha nusu ya dipoziti, na wewe hata mlango hujauona. Nilipomwambia nitakwenda kukiona mimi kwa niaba yako, leo ana msiba, kesho funguo anazo mlinzi. Fatma aliliwa pesa hivi hivi, wajua ilivyokuwa. Na hata kama chumba kipo, kazi yako iko Digo Road. Ukae foleni kila asubuhi kuanzia Kongowea hadi uvuke daraja, ya nini?

Hiki cha Tudor kiko kule chini, karibu na maji, ghorofa ya pili. Choo na bafu ndani, na jiko lina pahali pake na kidirisha chake. Nilikwenda usiku makusudi, baada ya isha, kwa sababu mchana watu wakiwa kazini kila mtaa ni mtulivu. Nilisikia televisheni ya jirani na tuktuk moja ikipita, basi. Utalala, Salma.

Lakini kilichonivuta hasa ni upepo. Ni chumba cha pembeni, kina madirisha pande mbili: moja lapokea kaskazi, jingine kusi. Wewe umezoea baridi ya Eldoret, Februari ya huku huijui. Ukiwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, feni yazungusha joto lile lile usiku kucha na tokeni za umeme zakwisha bure. Hapa nilifungua yote mawili, pazia la mpangaji anayehama likanyanyuka likanipiga usoni.

Maji sasa. Nilifungua bomba nikaonja: chumvi. Ni ya kisima, ya kufulia na kuogea. Usishtuke, kisiwa hiki hakina mto wa maji matamu. Tunayokunywa yatoka mbali, Mzima na Baricho, na huja kwa mgao. Keateka, yule mtunza nyumba, alinipa sifa tele, nikaenda kumuuliza mama anayekaa chini. Akasema matamu yana tangi lake, hukatika, na hapo mwenye nyumba huagiza lori. Lori likichelewa, mnanunua mitungi ya mkokoteni. Jibu la mama huyo nililiamini zaidi.

Kasoro niliyoiona ni ukuta wa bafuni. Rangi yabambuka, na nilipopitisha kidole kilitoka na unga mweupe. Nimesema upigwe rangi kabla hatujalipa.

Kodi ni elfu 14, na dipoziti ya mwezi mmoja. Kibwana asema ile sheria ya kudhibiti kodi yahusu nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo kinga yako ni mkataba wa maandishi: notisi ya muda gani, dipoziti yarudi lini, kodi isipandishwe kabla ya mwaka kwisha. Mwenye nyumba amekubali kuandika. Usome kila mstari kabla ya kutia sahihi, hata nikikwambia mimi nimeusoma.

Na narudia lile la upepo, kwa kuwa nakujua wewe, utaangalia vigae na kabati za jikoni. Vigae vipo, vya kawaida. Upepo huo huwezi kuununua baadaye.

Sasa niambie: dipoziti yote unayo, au nikuongezee kidogo unirudishie ukipata mshahara? Kitanda wakuja nacho au tutafute huku? Mamako ameridhika ukae peke yako? Nizungumze naye mimi? Na lile jambo la kaka yako liliishia wapi? Wafika lini hasa, na kwa basi au kwa treni? Ikiwa ni treni nitakungoja stesheni ya Miritini.

Nijibu kabla ya Ijumaa jioni, nimpelekee mwenyewe neno.

Wako,
Mwanaidi