Sindano za chini ya macho si kazi ya saluni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sindano za kujazia mabonde ya chini ya macho, ambazo siku hizi baadhi ya saluni za hapa Unguja huzitangaza kwenye mitandao pamoja na singo, hina na upambaji wa maharusi, kana kwamba zote ni kazi ya aina moja.

Kinachotiwa humo, kikiwa ni dawa halali, aghalabu ni ute wa asidi ya haiyaluroniki. Ngozi ya sehemu ile ni nyembamba mno, na chini yake hupita mishipa ya damu iliyoungana na ile inayolisha jicho. Sindano ikiingia ndani ya mshipa bila ya mchomaji kujua, ute unaweza kusukumwa ukarudi nyuma hadi kwenye mshipa wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ukauziba, na mtu akapoteza uoni pale pale kitandani. Ajali hiyo ni nadra, na yanayotokea mara nyingi ni uvimbe, damu kuvilia, vinundu, au rangi ya kibuluu pale ute unapowekwa juu juu mno. Hata hivyo, Marekani, pamoja na ukubwa wa biashara hii kule, mamlaka ya chakula na dawa haikuidhinisha dawa ya kwanza ya kujazia eneo hili hasa mpaka 2022, na mwaka mmoja kabla yake ilikwisha kuwaonya watu na vile vifaa vinavyosukuma ute kwa shinikizo bila ya sindano, ambavyo huuzwa mitandaoni kwa yeyote.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni muda. Retina iliyokosa damu huharibika moja kwa moja kwa kiasi cha saa moja na nusu, pengine chini ya hapo, wakati boti ya kutoka Malindi kwenda Dar es Salaam peke yake huchukua karibu saa mbili. Aliyeko Wete au Mkoani, kule Pemba, hata tusimtaje. Kwa hiyo matibabu ya kwanza lazima yawepo chumba kile kile anachochomewa mtu, yaani kimeng'enya cha haiyaluronidesi cha kuyeyushia ute, pamoja na daktari anayejua kukitumia. Hata hapo, ngozi huokoka mara nyingi, lakini uoni haurudi kwa uhakika.

Jirani yangu mmoja alinionesha kisanduku cha dawa aliyochomwa bintiye kabla ya harusi: maandishi yote ni ya lugha ambayo hakuna nyumbani aliyeweza kuisoma, na pale penye tarehe ya kumalizika muda pamebandikwa karatasi ya bei. Mchomaji alipoulizwa kama anacho kiyeyusho, alijibu kwamba dawa yake haina madhara. Na huyo binti, kwa nilivyomuona mimi, hakuwa na bonde lolote bali weusi wa ngozi tu, ambao ute hauuondoi.

Naliomba Baraza la Madaktari lieleze hadharani nani ameruhusiwa kuchoma sindano hizi, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar upite kwenye saluni ukague kinachochomwa, badala ya kusubiri mlalamikaji, kwani aliyedhurika kwa ajili ya urembo huona haya kulalamika.

Kwa aliyekwisha kuchomwa, akihisi maumivu makali, ngozi ikawa nyeupe au ikatoka mabaka ya zambarau, au jicho likaingia kiza, asingoje kukuche. Aende hospitali saa ile ile, achukue na kisanduku kama anacho, na amwambie daktari waziwazi alichochomwa na wakati aliochomwa.

Mkaazi wa Kikwajuni,
Unguja