Shabani, hiyo i7 usiinunue kwanza

Ngarenaro, Arusha
Jumapili jioni

Rafiki yangu Shabani,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imetukaba. Picha za kompyuta yako zimefika, na nimezikuza kwenye simu mpaka nikaliona vumbi la Mbuyuni lilivyolala kwenye feni.

Umeuliza jambo moja: uing'oe prosesa (ile chipu inayotekeleza kazi zote) ya i5-3470 uweke ya i7-3770, ili kompyuta ya stesheneri iache kukuaibisha mbele ya wateja? Jibu langu ni hapana. Na kwa kuwa nakujua, jibu la neno moja hulikubali, mimina chai usome.

Kesi yote iko kwenye ile picha ya skrini uliyopiga baada ya kubonyeza Ctrl, Shift na Esc, inayoonyesha kila sehemu inatumika kiasi gani. Prosesa iko asilimia 14. RAM, kumbukumbu ya kazi zilizo wazi sasa hivi, imejaa. Diski iko asilimia 100 na haishuki. Kaka, prosesa yako haijazidiwa na kazi. Imekaa inasubiri kuletewa kazi.

Yenyewe ina shughuli ndogo kuliko watu wanavyodhani. Inachukua agizo kutoka kwenye kumbukumbu, inalifasiri, inalitekeleza, inaweka jibu mahali pake, inafuata linalofuata. Jumlisha namba hizi mbili. Linganisha. Zikilingana, ruka uende agizo lile kule. Basi. Ndani yake kuna rejista, vijinafasi vichache vya kushikia namba zinazofanyiwa kazi sasa hivi, na kimojawapo kazi yake ni kukumbuka agizo linalofuata liko wapi. Utaratibu huo haujabadilika tangu Intel 4004 ya mwaka 1971, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya vikokotoo vya kampuni ya Kijapani ya Busicom na ilikuwa na transista, yaani vijiswichi vya umeme, 2,300. Yako ina kama bilioni 1.4. Kazi ni ileile, kilichoongezeka ni kasi na ujanja mwingi wa kupunguza kusubiri.

Kasi yenyewe: gigahezi 3.2 maana yake mapigo bilioni 3.2 kila sekunde. Katika pigo moja hata mwanga haumalizi sentimita 10, na umeme kwenye nyaya za bodi huenda polepole zaidi ya mwanga. Kwa hiyo umbali wa kiganja cha mkono, kwa prosesa, ni safari. Sasa rudi kwenye picha ya mazabodi, ile bodi kubwa, tazama kati ya soketi, pale prosesa inapokaa, na nafasi za RAM. Unaona vimistari vya shaba vinavyopindapinda bila sababu? Sababu ipo. Biti, zile sifuri na moja za data, zinazosafiri kwa kundi zinatakiwa zifike pamoja, kwa hiyo ule mstari ambao ungefika mapema umezungushwa makusudi ili urefu ulingane na wenzake. Mimi mpaka leo nikishika bodi mpya nageuza kwanza nitazame hapo, ni kazi ya watu wenye subira.

Chini ya prosesa yako kuna vidoa 1,155 vya dhahabu, na kila kimoja kinakalia kijisindano chake kwenye soketi. Usidhani vyote ni vya data. Sehemu kubwa ni umeme unaoingia na unaotoka, kwa sababu prosesa ya wati 77 inayotumia volti moja na ushee inavuta makumi ya ampea, na mzigo huo haupiti kwenye sindano moja. Zile koili na kapasita zilizopangwa kando ya soketi ndizo zinazoishusha volti 12 ya pawasaplai mpaka hapo.

Vidoa vingine vinaunganisha prosesa na RAM moja kwa moja. Zamani haikuwa hivyo, kulikuwa na chipu ya katikati iliyosimamia kumbukumbu. AMD waliuhamishia usimamizi huo ndani ya prosesa mwaka 2003 kwenye Athlon 64, Intel wakafuata 2008. Kadi ya picha nayo ina njia yake ya moja kwa moja, lakini hiyo wewe huihitaji, huchezi gemu hapo. Vilivyobaki vyote, yaani USB, diski, sauti, waya wa mtandao, vinapita kwanza kwenye chipseti, ile chipu nyingine yenye kibati cha kupozea, halafu kwa pamoja vinaingia kwenye prosesa kwa njia moja.

Upana wa njia hizi ndio wa kutazama. RAM za aina ya DDR3 zenye kasi ya 1600 zikiwa mbili, kila moja kwenye njia yake, zinapitisha hadi gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Wewe una kipande kimoja tu cha gigabaiti 4, kwa hiyo nusu ya barabara hiyo imelala. Njia ya chipseti ni gigabaiti 2 hivi kila upande. Bandari ya SATA ya haraka, ile ya kuchomekea diski, ni megabaiti 600. Na hard disk yako, yaani diski ya sahani inayozunguka, hata ikibahatika kusoma faili lililopangwa vizuri, inatoa mia na kitu.

Upana bado si ubaya wenyewe. Ubaya ni kungoja. Tuseme pigo moja la prosesa ni sekunde moja ya saa yako ya mkononi. Kilicho kwenye kashe ya karibu kabisa, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, kinapatikana kwa sekunde 4 hivi. Cha kwenye RAM kinachukua dakika 4 au zaidi. SSD, ile diski isiyo na sahani ya kuzunguka, siku kadhaa. Hard disk, ambayo lazima isogeze kichwa na kungoja sahani izunguke mpaka data ipite chini yake, inachukua milisekunde 10 hivi, na kwa saa yako hiyo ni mwaka mzima na siku za ziada. Mwaka, Shabani! Kwa kipande kimoja cha faili.

Sasa unganisha na siku yako ya kazi. Picha za pasipoti ziko wazi, kuna tabo za maombi ya mikopo ya wanafunzi, WhatsApp ya wateja kutuma nyaraka, na printa inangoja. Gigabaiti 4 zinakwisha mapema. Zikiisha, Windows inaanza kuhamishia diski vitu visivyoguswa kwa muda, na ukivigusa inavirudisha. Hapo diski imegeuzwa RAM, na ndiyo ile mashine kuganda wakati mteja ameinama juu ya kaunta.

Ukiweka i7 utapata gigahezi 3.4 badala ya 3.2 na kashe megabaiti 8 badala ya 6. Viini, yaani sehemu za prosesa zinazotekeleza kazi, ni vinne vilevile, ila kila kimoja kinashika kazi mbili, moja ikikwama nyingine inaendelea. Ni kitu kizuri kwa anayehariri video. Kwako itakwenda kuisubiri diski ileile. Huyo kijana wa duka aliyekushauri sisemi ni mwongo, ila anauza alichonacho.

Fanya hivi. Tafuta RAM ya gigabaiti 4, DDR3 ya kompyuta ya mezani, kibandiko kiandikwe PC3-12800, yaani ile ya 1600. Ya laptopu ni fupi na DDR4 ina mkato mahali pengine, hazitaingia. Iweke kwenye nafasi ya pili yenye vibano vyeupe. Halafu SSD ya gigabaiti 240, ichomeke palipoandikwa SATA 0, hard disk uihamishie bandari nyingine iwe ya kutunzia kazi za wateja. Windows nitakuja kukuwekea mwenyewe, Jumamosi nina safari ya Himo.

Ukipuliza vumbi, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Kile cha kupozea prosesa usikifungue, pesti yake, ile dawa ya kupitisha joto, ikishaachia lazima uweke nyingine. Na kama haitawaka baada ya kuongeza RAM, usiogope: chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake kwa ufutio wa penseli, rudisha mpaka vibano vilie vyote viwili.

Shemeji mwambie mbege ya safari ile bado naidai.

Wako,
Josefu