Barua kwa Rehema: bwawa lililo juu ya nyumba ya mama

Kilosa, Januari

Mpendwa Rehema,

Barua yako niliipata Jumamosi kwa mkono wa kondakta, pamoja na vitenge. Ahsante sana shoga yangu, Mungu akuzidishie. Huku hatujambo, watoto wamefungua shule, na mama yako ni mzima wa afya. Juzi kanigombeza kwa kupita mlangoni kwake bila kuingia.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza kama lile bwawa la juu ni salama, na kama mama ahamishwe. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwenye simu ningekwambia "usijali" na ningekuwa nimekudanganya. Nimekwenda kuliangalia mwenyewe mara mbili, na mara ya pili nilifuatana na yule fundi aliyetujengea kisima cha shule, ambaye ujanani alifanya kazi ya kuchimba malambo.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo lilikuwa korongo kavu tu, tuta la udongo limelala kati ya vilima viwili, na chini yake lile bomba la zege tulilokuwa tunapita kwa magoti hadi upande wa pili. Maji yalikaa siku mbili tatu baada ya mvua, kisha yakaondoka. Sisi tulidhani bwawa limeharibika. Kumbe ndivyo lilivyotakiwa liwe. Bwawa la kuzuia mafuriko kazi yake ni kukaa tupu. Mvua kubwa ikishuka kilimani, tuta linayapokea maji yote kwa mkupuo, bomba linayatoa kidogo kidogo, na baada ya siku chache nafasi iko wazi kungoja mvua nyingine. Likishajaa, mafuriko yakija hayana pa kuingia.

Na sasa limejaa, Rehema. Bomba limezibwa.

Usimtafute mbaya wako hapo. Mwaka ule wa kiangazi kikali, wafugaji na wenye bustani walikaa wakakubaliana kuziba bomba kwa mawe na viroba vya udongo ili maji yabaki, na yakabaki kweli. Ng'ombe hawaendi tena mbali. Mchicha wa mama yako, ule unaomlipia mjukuu sare, unamwagiliwa maji hayo hayo. Hata mimi nimefua nguo pale, nikashukuru. Ila hakuna aliyesimama kusema kwamba tumeligeuza kazi, kwamba tuta lililojengwa kushika maji siku tatu sasa linayashika mwaka mzima.

Kisha tukaenda kwenye utoro, ule mfereji mpana wa pembeni unaopitisha maji ya ziada bwawa likijaa. Kwa tuta la udongo, utoro ndio roho yake. Zege maji yanaweza kulipita juu lisidhurike sana, lakini udongo yakiupita juu yanaukwangua upande wa nyuma kama kijiko kwenye ugali, na saa chache zinatosha kulikata tuta zima. Huo utoro wetu umelimwa mahindi, yako kiunoni. Na mlangoni pake kuna mtu amepanga mawe na kuyasiliba udongo ili bwawa lipate kina zaidi kwa ajili ya samaki. Fundi aliyatazama mawe yale muda mrefu bila kusema neno. Halafu akaniambia: "Mama, hapa wamefunga mlango wa kukimbilia."

Alikuwa na ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi wanaujaza maji kupimia levo ya msingi. Tukaunyoosha juu ya tuta, mimi nimeshika ncha moja, yeye nyingine, tukawa tunasogea hatua kwa hatua. Kwa macho tuta linaonekana limenyooka. Lakini pale ng'ombe wanapovukia kila siku, maji ya kwenye mpira yalituonyesha kuwa pamebonyea shubiri moja na nusu kuliko pembeni. Unaona shubiri ni kitu kidogo, eh? Siku maji yakipanda hadi juu hayatamwagika sawasawa kwenye urefu wote wa tuta. Yote yatakimbilia hapo penye kwato. Nami nilipogeuka kuangalia chini, palipo sawa na hapo nikaliona bati jipya la nyumba ya mama yako.

Chini ya tuta, upande mkavu, kuna mahali majani ni ya kijani kuliko kwingine. Maji yanachuruzika, si mengi, kama bomba lililofungwa vibaya. Mimi niliogopa hapo hapo. Fundi hakuogopa, ila alichukua chupa ya soda, akaikinga hadi ikajaa, akaisimamisha kivulini, tukakaa. Alinieleza kwamba tuta la udongo lote hunyonya maji, na maji yanayotoka meupe hayajachukua kitu. Yakitoka na tope, basi yanatoa tumbo la tuta kwa ndani, yanachimba njia, na njia hiyo huanza chini na kurudi nyuma kuelekea bwawani mpaka siku itakapotoboka. Baada ya nusu saa tuliangalia chupa. Chini kulikuwa na utando mwembamba, kama vumbi la unga. Mwembamba sana. Nilimwuliza kama huo ni tope. Akasema, "Ni mwanzo wa swali." Tangu siku hiyo mwanangu mkubwa anakinga chupa kila Jumatatu na kuzipanga dirishani, ameziandikia tarehe kwa kalamu. Ya wiki hii haina tofauti na ya kwanza.

Nilipendekeza tupazibe kwa mfinyanzi. Akakataa kabisa. Maji ukiyaziba hapa yatatafuta pengine, na huko huenda usiyaone. Kinachofanyika ni kumwaga mchanga safi, na juu yake kokoto, ili maji yapite lakini udongo ubaki. Tumeshaomba lori moja la mchanga na nusu lori la kokoto, vikae pale pale karibu.

Kuna pia vichuguu viwili, mashimo ya nungunungu, na ule mkuyu ulioota kwenye mteremko, ambao umekauka. Mti uliokufa ni mbaya kuliko ulio hai, maana mizizi ikioza inaacha mirija mitupu ndani ya tuta. Lakini kuung'oa sasa hivi, masika yakiwa mlangoni, ni kuacha shimo. Utakatwa shina, kisiki kingoje kiangazi, kichimbwe na pashindiliwe upya tabaka kwa tabaka.

Kilichonikosesha usingizi zaidi ni lile bomba. Unakumbuka habari za Mai Mahiu kule Kenya, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024? Mwanzoni watu walisema bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kuwa lilikuwa tuta la reli, huko juu Kijabe. Njia ya maji chini ya reli iliziba kwa takataka na magogo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, na tuta likaachia usiku watu wamelala. Walikufa makumi. Hakuna aliyekuwa amekusudia pale pawe bwawa. Miaka sita kabla yake, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shambani huko Solai, Nakuru, lilipasuka na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Na Derna, Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili ya kuzuia mafuriko, yaliyokuwa yamekaa kwenye bonde kavu tangu miaka ya 1970, yalikatika kwa mvua ya usiku mmoja, maelfu wakasombwa hadi baharini. Najua hayo ni makubwa, letu ni kituta tu. Lakini nyumba zilizo chini ya kituta ni zile tunazozijua kwa majina.

Na sisi hatuhitaji kufika Derna. Desemba 2009 kuingia Januari 2010, tuta la mto Mkondoa lilipoachia, wewe na mimi tulikuwa juu ya meza ya bibi, tumeshikana mikono, maji ya kahawia yanapita dirishani. Reli ya Kati ikakatika huko bondeni kwenda Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Tukalala kwenye mahema. Tuta lile nalo lilikuwa na nyufa na miti ambayo kila mtu alikuwa akiipita kwenda shamba.

Basi nimelipeleka jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Palichafuka kidogo. Mzee mmoja mfugaji alisimama akaniuliza ng'ombe wake watanywa wapi Agosti, na swali lake lilikuwa la haki, sikuwa na jibu siku hiyo. Tulikubaliana hivi: mawe ya kwenye utoro yameondolewa siku ile ile, mwenye mahindi atavuna mabichi na hatapanda tena, ng'ombe watapitia pembeni, na palipobonyea patajazwa na kushindiliwa. Bomba linafunguliwa polepole, kiroba kimoja kwa siku. Fundi alisisitiza hilo, kwamba maji yakishushwa haraka, udongo wa upande wa ndani ambao bado umelowa unaweza kuporomoka wenyewe. Lambo dogo la mifugo litachimbwa kando, mbali na korongo. Na barua imeandikwa kwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro, kuomba mhandisi aje, maana fundi mwenyewe amekiri kwamba jicho lake halifiki ndani ya tuta.

Kuhusu mama: kuhama kabisa amekataa, nami sikumlazimisha. Ila nimemweleza kila kitu, nikamwonyesha na chupa. Alizitazama, akaiinua moja kwenye mwanga, akauliza, "Na usiku nani anaangalia?" Nikamwambia vijana wanne wamepangiwa zamu mvua ikizidi, na kengele ya shule ndiyo itakayogongwa. Akafikiri. Kisha akakubali kuwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei atalala kwangu, mchana atarudi kwenye bustani yake. Chumba cha nyuma nimeshakisafisha. Anataka aje na kuku wake wote kumi na moja, kwa hiyo ukipata nafasi nitumie wavu wa banda, mita sita zinatosha.

Wako akupendaye,
Zuhura